Jinsi ya kujaza tamko la mali kama ndo umepata cheo juzi (bila kujichongea)

Nina steshenari karibu na ofisi za halmashauri, huu mwaka wa tisa, na kila ikifika Desemba tarehe 20 kuendelea wateja wangu wanakuwa wa aina moja tu, waheshimiwa. Wanaingia wameshika bahasha ya kaki, wanageuka nyuma kucheki kama kuna mtu, alafu wanainama kwenye kaunta wananong'ona "kijana, ule mfumo wa maadili unaujua?" Naujua mkuu. Nimekaa na madiwani wengi, mkurugenzi mmoja, na kuna mzee mmoja alikuwa anajaza lile la kuondoka madarakani, kwa hiyo makosa nimeyaona ya kila rangi, na nimeona niyaweke hapa kwa ajili ya yule aliyeapishwa juzi juzi na hajui aanzie wapi. Majina sitaji, msinitafute.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini, maana wengi wanaijaza kama wanajaza fomu ya usajili wa laini ya simu. Jina lake ni tamko la rasilimali na madeni, hapa Tanzania linatokana na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya 1995, ambayo nayo inasimama juu ya Ibara ya 132 ya Katiba, na anayelipokea ni Kamishna wa Maadili pale Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sio TRA hawa, hawakutafuti kodi. Na sio TAKUKURU, wale wa rushwa, ingawa karatasi yako siku moja inaweza ikafika huko.

Wazee wetu walikuwa na dawa kali kuliko hii. Azimio la Arusha la 1967 lilimwambia kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi kwenye kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, na neno kiongozi pale lilimbeba na mwenzi wake, kwa hiyo hata ujanja wa kumwandikisha mke ulikuwa umefungwa. Mwaka 1991 chama, CCM, kikakaa Zanzibar kikalegeza yale masharti, na miaka minne baadae ndo ikaja hii sheria ya 1995. Yani tulitoka kwenye "usiwe nayo" tukaingia kwenye "kuwa nayo, ila sema umeipataje". Shika hilo, maana hakuna anayekukataza kuwa na nyumba tatu za kupangisha. Ukiwa nazo na karatasi haionyeshi zimetoka wapi, hapo ndo una kazi.

Umeshamwona muuza unga anavyofanya kabla hajakupimia? Anaweka kopo tupu kwenye mzani, anahakikisha mshale upo kwenye sifuri, ndo anamimina. Tamko la kwanza ndo lile kopo tupu. Linasema siku naingia nilikuwa na hiki na hiki na nilidaiwa hivi. Yale ya kila mwaka yanayofuata yote yatasomwa kwa kulinganishwa na hilo, na la mwisho unalotoa ukiondoka litalinganishwa na la kwanza. Ukiharibu la kwanza umeharibu mzani wote, na utakaa nao miaka mitano.

Sasa muda. Una siku 30 tangu ushike madaraka kutoa la kwanza. Baada ya hapo ni kila mwisho wa mwaka, siku ya mwisho tarehe 31 Desemba, na tena ukitoka madarakani. Usinifanyie mambo ya tarehe 31 saa kumi jioni, nakuomba. Mwishoni mwa Desemba 2017 hata hayati Rais Magufuli aliijaza yake akamkabidhi Kamishna wa wakati huo, Jaji mstaafu Nsekela, kabla muda haujaisha, sasa wewe diwani wa kata moja una shughuli gani zinazozidi za rais? Na kuchelewa hakuhesabiwi kama usahaulifu, ni ukiukaji wa maadili kama mwingine.

Wanaohusika ni wengi, kuanzia rais, makamu, mawaziri, wabunge, majaji, makatibu wakuu, wakuu wa mikoa na wilaya, mabalozi, wakurugenzi wa halmashauri, mpaka diwani, ndio, hata wa viti maalum. Zanzibar wao wana sheria yao Na. 4 ya 2015 na Tume yao ya Maadili. Kama barua ya uteuzi wako haisemi, uliza ofisi ya kanda ya Sekretarieti, zipo Mwanza, Arusha, Mbeya, Mtwara, Tabora na kwingineko, usiulize kijiweni.

Haya, kabla hujagusa kompyuta, tafuta karatasi.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja wa viti maalum, akamimina bahasha yake yote kwenye kaunta yangu. Nikamsaidia kupanga. Kulikuwa na mkataba wa mauziano wa kiwanja ulioandikwa kwa peni kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari la mistari, una saini za mashahidi wanne na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa umefifia mpaka unasomeka nusu. Kitabu cha vicoba. Risiti za bati. Kadi ya pikipiki yenye jina la mtu aliyemuuzia, hajawahi kubadilisha. Barua ya Mahakama ya Mwanzo ya usimamizi wa mirathi ya marehemu baba yake. Na kipande cha boksi la sigara chenye namba "1,200,000 Mama Z, ametoa 400". Nikamuuliza hii nini, akacheka, akasema hilo ni deni, namdai mtu.

Ule mzigo wake ndo mzigo sahihi jamani. Watu wanakuja na hati ya nyumba tu iliyopigwa laminesheni wanadhani ndo mali, kumbe mali yako ipo kwenye vile vikaratasi. Kwa hiyo leta hivi: hati, ofa au mkataba wa mauziano wa kila kiwanja na shamba, hata lile la ekari moja na nusu ulilonunua ukasahau. Kadi za magari, pikipiki, bajaji, trekta. Taarifa ya benki ya kila akaunti, hata ile iliyolala. Salio la kwenye simu kama ni hela ya maana. Hisa na vipande kama unavyo. Leseni ya biashara na makadirio ya mtaji uliopo. Mifugo, kwa idadi na aina. Na karatasi za madeni, nitazirudia hizo chini kwa sababu ndo watu wanapochemka.

Sufuria na makochi hakuna anayeuliza, sheria yenyewe inaviacha vitu vya matumizi binafsi ya nyumbani. Nyumba unayoishi ushauri wangu andika. Ukiiandika haikuletei shida yoyote, na usipoiandika ipo siku mtu atauliza imetoka wapi na utakuwa huna pa kuonyesha kwamba ilikuwepo kabla ya cheo.

Kwenye kila mali kuna vitu vitatu vya kuumiza kichwa, thamani, tarehe na chanzo. Thamani sio lazima ulete mthamini, andika bei uliyonunulia na makadirio ya sasa kwa uaminifu wa kawaida, kama mtaani kwenu viwanja vinauzwa milioni 6 usiandike laki 8 na usiandike milioni 40. Tarehe ni tarehe ya kupata, sio tarehe ya hati, maana hati inaweza kutoka miaka saba baada ya kununua na ukiandika tarehe ya hati itaonekana umenunua ukiwa tayari kwenye kiti. Hilo kosa nimeliona mara tatu. Mtu kanunua 2014, hati imetoka 2021 akiwa diwani, anaandika 2021, anajitia kitanzi mwenyewe kwa kiwanja chake halali kabisa!

Chanzo sasa. Wengi wanaandika neno moja, "kununua". Kununua kwa hela gani? Andika kama unamsimulia mtu asiyekujua: "Nilinunua Machi 2016 kwa Sh. 4,500,000, mauzo ya mahindi Sh. 3,500,000 na mkopo wa SACCOS Sh. 1,000,000." Sentensi moja tu, lakini mtu akiisoma miaka minne mbele hana swali. Cha urithi andika umerithi kwa nani na mwaka gani, na kama mirathi bado haijagawanywa andika hivyo hivyo, kwamba ni shamba la ukoo, halijagawanywa, mimi ni mmoja wa warithi watano. Kuna mheshimiwa aliandika shamba lote la marehemu babu yake ekari 30 kuwa lake. Nikamwambia mkuu, wajomba zako wakiliona hili tamko utakuwa na kesi mbili.

Mwenzi na watoto. Sheria inataka mali zako, za mke au mume wako, na za watoto wenu walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Kama una wake watatu basi ni wake wote watatu, sio yule wa mjini tu. Hapa kuna ugumu wa kibinadamu, sitadanganya, kuna waume hawajui mke ana shilingi ngapi vicoba na kuna wake wanapenda iendelee hivyo hivyo. Nimeshuhudia mtu na mkewe wamekaa kwenye viti vyangu vya plastiki wanaulizana, mwanaume ndo anagundua siku hiyo kwamba mwenzake ana viwanja viwili Kibaha. Kimya cha pale nilitamani kutoka nje. Fanyeni hiyo mazungumzo nyumbani, sio steshenari.

Na lile la shemeji. Kila mtu anajua, gari ipo kwa jina la shemeji, nyumba ipo kwa jina la mdogo wake mke, kampuni ipo kwa jina la kijana wa kazi. Kama hela ni yako, mali ni yako, iandike na ueleze kwa nini ipo kwa jina lingine. Ukiiacha nje unakuwa umetoa tamko la uongo, alafu sehemu ya pili ni kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, vifungu vya 26 na 27, inampa TAKUKURU nguvu ya kumtaka mtumishi wa umma aeleze mali zake, na kumiliki mali isiyolingana na kipato bila maelezo ya kuridhisha ni kosa la jinai kabisa, hapo tumeshatoka kwenye maadili. Na shemeji akihojiwa nusu saa atasema kila kitu, mnamjua shemeji.

Madeni, kama nilivyoahidi. Watu wanaona aibu kuandika madeni. Wanajaza mali kurasa nne, madeni wanaweka mstari. Sasa fikiria, una mshahara au posho inayojulikana, umejenga nyumba ya milioni 50 ndani ya mwaka na nusu, na hujaandika kwamba benki imekukopesha milioni 30. Anayesoma ataona nini? Deni ndo utetezi wako bana! Andika mkopo wa benki, SACCOS, vicoba, wa rafiki, hata wa kausha damu kama ulifika huko, na weka kiasi kilichobaki siku hiyo, sio kiasi ulichokopa mwanzo.

Alafu kuna deni la kampeni, hili ndo la hatari kuliko yote na ndo hakuna anayelitaja. Mtu amekukopesha milioni 7 za mafuta, spika na fulana, hakuna karatasi, mlishikana mikono. Umeshinda. Baada ya miezi sita anakuja anasema hela yangu sitaki, ila ile tenda ya vyoo vya shule... umeona ilivyo? Likiwa limeandikwa kwenye tamko lako la kwanza, deni lina jina na kiasi, utalilipa kidogo kidogo na kila Desemba linapungua kwenye karatasi. Lisipoandikwa hilo sio deni tena, ni kamba. Mimi huwa nawaambia waheshimiwa kama kuna mstari mmoja wa kuandika kwa mkono usiotetemeka ni huo.

Sasa niwape kituko. Wanaoficha mali wapo, lakini hapa kwangu wajanja zaidi ni wale wanaozidisha. Kuna mheshimiwa mmoja wa kata ya wafugaji, tamko lake la kwanza kabisa, tukafika kwenye mifugo.

"Andika ng'ombe sitini."

"Unao sitini mzee?"

"Wapo kumi na nane. Lakini andika sitini, si watazaa."

Nilicheka kwanza, alafu nikamwelewa. Anatengeneza nafasi. Leo anaandika sitini, miaka mitatu mbele akiwa amepata milioni 30 asizoweza kuzieleza anasema nimeuza ng'ombe, angalieni tamko langu, walikuwepo. Kopo limewekwa kwenye mzani likiwa na mawe ndani. Kwenye mijini wanafanya hivyo hivyo na "fedha taslimu nyumbani", mtu anaandika ana milioni 80 kwenye kabati wakati kodi ya pango anadaiwa. Nikamwambia mheshimiwa mimi hapo siandiki, akafunga bahasha akaenda steshenari ya pili. Tutamrudia.

Ukitaka kujua tamko lako limekaa vizuri, fanya hesabu ambayo msomaji wako ataifanya. Jumlisha mali, toa madeni, unapata ulichonacho kweli. Mfano, siku unaingia: nyumba milioni 35, kiwanja 6, bidhaa dukani 8, benki 2.4, jumla 51.4, toa mkopo wa milioni 9, una 42.4. Mwaka unaofuata: nyumba ile ile 35, kiwanja 6, kiwanja kipya 5, dukani 9.5, benki 1.1, jumla 56.6, toa deni lililobaki 4.5, una 52.1. Umepanda milioni 9.7. Ni kama laki 8 kila mwezi, na hiyo ni baada ya kula, ada za watoto, michango ya harusi na misiba. Inawezekana? Inawezekana, kama ulivuna gunia 70 ukauza kwa elfu 60 hizo tayari ni milioni 4.2, zinabaki 5.5 za kutoka kwenye duka na posho, sawa. Lakini ujue jibu kabla ya kuulizwa, na liwe limeandikwa kwenye chanzo. Kama hesabu haifungi wewe mwenyewe ukiwa peke yako na kikokotoo, mbele ya Baraza la Maadili, lile linalosikiliza mashauri ya viongozi, haitafunga kwa miujiza.

Zawadi na maslahi nipite haraka. Zawadi ya thamani kubwa uliyopewa kwa sababu ya cheo inatamkwa, na usinipe ile ya "ni mila zetu", mbuzi wa mkandarasi hana mila. Na kama una kampuni, au mkeo ana kampuni, inayotaka kazi ya halmashauri yako, unatamka maslahi yako na unatoka kwenye kikao wakati wanajadili. Hata kikundi cha mkeo kinachoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri ni hivyo hivyo, hakikatazwi kuomba, ila wewe usiwe kwenye meza inayogawa.

Wananchi mnaosoma, najua mnauliza, haya matamko tunayaona wapi. Kuna rejista, na sheria inaruhusu kuikagua, ila kwa masharti. Kwa kanuni za 1996 unatakiwa uwe umepeleka lalamiko, Kamishna aridhike kwamba ni la nia njema, ulipe ada ya shilingi 1,000, na ulichokisoma huruhusiwi kwenda kukitangaza. Shilingi elfu sio tatizo, tatizo ni kwamba ili uone lazima uwe tayari unalalamika, na ili ulalamike vizuri lazima uwe umeona. Hapo kwa maoni yangu sheria yetu imejifunga kamba miguuni. Mnakumbuka Aprili 2008, Andrew Chenge akiwa Waziri wa Miundombinu, taarifa zikatoka kwamba wachunguzi wa Uingereza waliokuwa wanafuatilia rada ambayo serikali yetu iliinunua kwa kampuni ya BAE ya kwao wamekuta zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti yake kisiwani Jersey. Yeye alikanusha kwamba ni za rushwa, akaziita vijisenti, akajiuzulu, na hilo neno likabaki kwenye Kiswahili chetu mpaka leo. Ile ya rada iliisha kwa kampuni ya BAE kukubali kulipa pauni milioni 29.5, zile tulizoita chenji ya rada zikanunua vitabu na madawati. Swali langu la siku zote ni dogo tu, tamko lake la mwaka ule lilisema nini kuhusu Jersey? Hakuna mwananchi wa kawaida aliyeweza kwenda kusoma akalinganisha. Hata kama limeandikwa kila senti, kwake pia lingekuwa msaada, angelitoa mezani basi.

Kwa hiyo kama unamshuku kiongozi wako, njia iliyopo ni kupeleka lalamiko Sekretarieti, na lalamiko zuri halisemi "huyu ni fisadi". Linasema amejenga jengo fulani mtaa fulani, lilianza mwezi fulani, kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi hii. Vitu vinavyoonekana kwa macho. Wao ndo wenye karatasi ya kulinganisha nayo.

Wakenya mnaopita hapa, kwenu hadi mwalimu wa shule ya msingi anajaza, sio viongozi tu, na ni kila baada ya miaka miwili, na ile sheria yenu ya maadili ya 2003 imeshaondolewa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, kwa hiyo msijaze kwa kukariri fomu za zamani. Ila habari ya tarehe, chanzo na madeni ni ile ile.

Turudi kwenye kompyuta. Siku hizi tamko linajazwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti. Kaa na karatasi zako zote mkono wa kushoto, jaza rasimu kwenye daftari kwanza, ndo uingie. Nywila yako usimpe mtu, na nasema hivyo huku mimi ndo nakaa na hiyo biashara, usinipe hata mimi, kaa kwenye kiti ubonyeze mwenyewe mimi nikuelekeze kwa kidole. Kuna waheshimiwa nywila zao zimebandikwa ukutani kwa vijana wa steshenari, yani siri zote za mali zako zipo pembeni ya bei ya fotokopi. Ukimaliza soma yote kwa sauti ya chini kuanzia juu, hakikisha umetuma kweli na sio umehifadhi tu, kuna watu wanahifadhi wanaenda kula sikukuu wanajua wamemaliza. Chapa nakala, weka kwenye faili moja, na kila mwaka nakala mpya inakaa juu ya ile ya zamani. Desemba ijayo usianze kukumbuka, fungua faili.

Na usidhani ukishatuma imeisha, kuna uhakiki. Maofisa wanachagua viongozi, wanawafuata huko huko walipo, wanasema tuonyeshe. Nyumba ipo wapi, hati ipo wapi, shamba mpaka wake ni upi. Ukipigiwa simu ya uhakiki usihangaike kusafisha, toa lile faili, wapeleke mali moja moja kwa mpangilio ule ule uliouandika, na ukigundua ulikosea kitu sema pale pale kabla hawajakikuta.

Yule mheshimiwa wa ng'ombe sitini walimfikia. Hii nimesimuliwa na mtendaji aliyekuwepo. Alipata taarifa siku mbili kabla, akaenda kwa majirani akaazima ng'ombe arobaini na mbili, wakaletwa usiku, asubuhi boma limejaa. Maofisa wakaja, wakahesabu, sitini kamili, wakaandika. Yeye akafurahi, akachinja mbuzi, akawaambia msiondoke kabla ya kula, na nyama ikachelewa kuiva. Ilipofika saa kumi na moja wachungaji wakafungua boma ng'ombe wakanywe maji, na wale maofisa wamekaa chini ya mti na sahani zao, wakaona kundi limetoka kisimani likagawanyika lenyewe, wengine wakakata kushoto kwa jirani wa kwanza, wengine wakapandisha mlima kwa yule wa pili, hakuna aliyewaswaga. Kwenye boma la mheshimiwa waliorudi ni kumi na nane.